Alisi wa Kitabuni na Alisi wa Sinema

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Vuteni viti karibu, na kila mtu awe na kalamu na daftari lake. Maneno ya somo hili yamepigwa chapa, ili yule ambaye hakusikia vizuri aweze kuyasoma taratibu, na yule aliyesikia aweze kuyarudia nyumbani.

Leo tutazungumza habari ya kitabu kimoja cha watoto kinachopendwa sana duniani, na filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho. Watu walioitazama filamu hiyo hawakupatana. Wengine waliisifu, wengine waliilaumu, na miaka ilipopita wengine wakaanza kusifu yale yale yaliyolaumiwa zamani. Swali letu ni hili: watu wanapotofautiana hivyo, tumsikilize nani? Tena, twawezaje kupata rai yetu wenyewe, tusiwe kasuku wa kurudia maneno ya wengine?

MANENO YA LEO

Kabla ya kuendelea, kiongozi wa kikundi aandike maneno haya ubaoni, na wanafunzi wayasome kwa sauti.

Rai. Rai ni maoni ya mtu juu ya jambo fulani. Wewe una rai yako, na jirani yako ana yake.

Mtazamaji. Huyu ni mtu anayetazama filamu au mchezo. Wakiwa wengi ni watazamaji.

Filamu ya katuni. Hii ni filamu ya picha zilizochorwa, wala si ya watu halisi waliopigwa picha.

Kipimo. Kipimo ni kitu cha kupimia. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na kilo ni kipimo cha uzito. Leo tutaona kwamba hata rai ina kipimo chake.

KITABU CHENYEWE

Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu mmoja wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, nchini Uingereza, alipanda mashua mtoni pamoja na rafiki yake mmoja na wasichana watatu, watoto wa mkuu wa chuo chake. Jina la mwalimu huyo lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Mmoja wa wale wasichana aliitwa Alice Liddell, naye alikuwa na umri wa miaka 10. Watoto walitaka hadithi, na mwalimu akawatungia papo hapo. Hadithi ilimpendeza Alice mno, hata akamwomba mwalimu amwandikie. Mwalimu akaiandika. Mwaka 1865 ikatoka kitabu, na juu yake mwandishi akatia jina la kubuni, Lewis Carroll. Picha 42 za kitabu hicho zilichorwa na John Tenniel, mchoraji mashuhuri wa wakati ule.

Hadithi yenyewe ni hivi. Msichana ameketi kando ya mto pamoja na dada yake, naye amechoka kwa kukaa bure. Mara anapita sungura mweupe aliyevaa kizibao. Sungura anatoa saa mfukoni, anaitazama, anasema amechelewa. Msichana anamfuata, anatumbukia shimoni, anaanguka chini, chini kabisa, mpaka katika nchi ya ajabu. Huko anakunywa kitu akawa mdogo, anakula kitu akawa mkubwa. Anakutana na paka anayecheka meno yote nje. Paka huyo hutoweka kidogo kidogo, mpaka kikabaki kicheko peke yake, paka hayupo. Anawakuta watu wanaokunywa chai wakati wote, hawamalizi. Mwisho anafika kwa Malkia wa karata, yule wa kopa, ambaye kwake kila kosa lina adhabu moja tu, kukatwa kichwa. Ghafula msichana anaamka. Kumbe ilikuwa ndoto!

Kwa Kiswahili kitabu hiki kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1940, kikapigwa chapa London. Jina lake ni Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 ilitoka tafsiri nyingine, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Basi, katika somo hili yule mtoto wa kweli wa Oxford tutamwita Alice, na msichana wa hadithi tutamwita Alisi, tusije tukawachanganya.

KWA NINI KILIPENDWA?

Hapa pana sababu mbili ambazo inafaa tuzishike, kwa maana zitatusaidia mbele.

Sababu ya kwanza: zamani zile vitabu vingi vya watoto vya Uingereza vilikuwa vya kuonya na kukaripia. Mtoto mwema hulipwa, mtoto mtukutu huadhibiwa, na hadithi imekwisha. Carroll hakufanya hivyo. Tena alizichezea zile tenzi za maonyo ambazo watoto walikaririshwa shuleni, akazigeuza ziwe za kuchekesha. Watoto walifurahi, kwa sababu walizijua zile za asili.

Sababu ya pili ni mchezo wa maneno. Kitabu kizima kimejaa maneno yenye maana mbili. Kwa mfano, panya anamwambia Alisi kwamba hadithi yake ni ndefu na ya huzuni. Kwa Kiingereza neno la hadithi na neno la mkia husikika sawasawa. Basi Alisi anautazama mkia wa panya, anakubali kwamba ni mrefu kweli, lakini anashangaa kwa nini uwe na huzuni! Na pale kitabuni, hadithi ya panya imepigwa chapa ikipindapinda na kushuka, mpaka inafanana na mkia.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaujua mchezo huu. Mtu akikuambia, "Nimeshika kaa," utamwuliza, "Kaa la moto, au kaa wa pwani?" Mwingine akisema, "Nimenunua mbuzi," utauliza, "Mbuzi wa kuchinja, au mbuzi ya kukunia nazi?" Utamu wa maneno hayo uko katika ule muda mfupi ambapo maana zote mbili zimo kichwani mwako pamoja.

Sasa fikirini. Ikiwa mtu anataka kulitia neno "kaa" katika filamu, atachora nini? Akichora kaa wa pwani, kaa la moto limepotea. Akichora kaa la moto, yule wa pwani amepotea. Kitabu chaweza kushika maana mbili kwa neno moja. Picha mara nyingi hulazimika kuchagua moja. Liwekeni jambo hili akilini.

FILAMU

Watu wa sinema waliipenda hadithi ya Alisi tangu zamani. Filamu ya kwanza ilitengenezwa Uingereza mwaka 1903, nayo ilikuwa ya dakika chache tu, bila sauti. Mwaka 1933 ikatengenezwa nyingine huko Marekani. Wachezaji wake wengi walikuwa watu mashuhuri sana, lakini nyuso zao zilifunikwa kwa vinyago na mavazi mazito, hata watazamaji wengi hawakuweza kuwatambua. Filamu hiyo haikufanikiwa.

Ile tutakayoizungumza zaidi ni ya mwaka 1951, filamu ya katuni iliyotengenezwa na kampuni ya Walt Disney wa Marekani. Disney alikuwa ameitamani kazi hiyo kwa miaka mingi. Ilipokuwa tayari ilionyeshwa kwanza London mwezi wa Julai 1951, na baada ya siku mbili ikaonyeshwa New York. Sauti ya Alisi ilikuwa ya msichana wa Kiingereza, Kathryn Beaumont. Msichana huyo aliigiza pia mbele ya kamera, ili wachoraji waone jinsi mtoto anavyogeuka, anavyokimbia na anavyoketi.

Hebu tufanye hesabu kidogo, tuone ukubwa wa kazi. Katika sinema, picha 24 hupita mbele ya macho yako kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenga, kwa hiyo unaona mwendo. Dakika moja ina sekunde 60. Basi, 24 mara 60 ni picha 1,440 kwa dakika moja. Filamu hii ina urefu wa dakika 75. Zidisheni wenyewe daftarini, mtapata picha 108,000. Ni kweli kwamba mchoro mmoja huweza kupigwa picha mara mbili mfululizo ili kupunguza kazi, lakini hata hivyo ni michoro mingi mno. Ndiyo sababu filamu ya katuni ina gharama kubwa, na mwenye kuitengeneza huogopa kuongeza hata dakika tano.

Tena, kitabu kina sura 12, nawe waweza kukisoma kwa wiki nzima, ukakiweka chini na kukirudia. Filamu haingoji. Kwa hiyo watengenezaji walipunguza, wakaongeza, wakageuza. Walimwacha Kasa wa Bandia, ambaye kitabuni hulia kila mara. Walimwacha na yule Bibi Mkubwa mwenye mpishi anayetia pilipili nyingi katika supu. Waliongeza kitasa cha mlango kinachosema, ambacho kitabuni hakimo kabisa. Tena walichukua mambo ya kitabu cha pili cha Carroll, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1871, ambacho ndani yake Alisi anapita katika kioo. Maua yanayosema na wale mapacha wanene wawili wanatoka katika kitabu hicho cha pili, lakini filamuni wamo pamoja na watu wa kitabu cha kwanza kana kwamba walizaliwa nyumba moja.

WATAZAMAJI WALISEMA NINI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Carroll alikuwa amekwisha kufa mwaka 1898, hakuweza kusema neno. Waliobaki kuhukumu walikuwa watazamaji. Na tuwapange katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni wale waliokipenda kitabu, hasa Uingereza. Wengi wao walikisoma utotoni, na picha za Tenniel walizijua kama mtu anavyojua sura za jamaa zake. Hawa walinung'unika. Walisema kitabu cha Kiingereza kimevishwa nguo za Kimarekani. Walisema vitabu viwili vimechanganywa ovyo, michoro imerahisishwa, na mchezo wa maneno umefunikwa na kelele na nyimbo. Kwao filamu ilikuwa kama mgeni aliyeingia chumba cha marehemu babu na kuhamisha viti.

Kundi la pili ni wale waliokuja sinema bila kujali sana kitabu. Walitaka kustarehe jioni moja pamoja na watoto wao. Baadhi yao walifurahia rangi na nyimbo. Lakini wengine walitoka na lalamiko tofauti kabisa. Hawakusema, "Mmekiharibu kitabu." Walisema, "Hadithi haina uzi." Alisi anakutana na huyu, anaondoka, anakutana na yule, anaondoka. Hapana jambo analolitafuta kwa nguvu, wala hapana mtu wa kumhurumia. Zingatieni hapo: kosa hilo, ikiwa ni kosa, halikuzaliwa katika filamu. Kitabu chenyewe kiko hivyo, kwa maana ni ndoto, na ndoto haina uzi. Kwa hiyo kundi la kwanza liliilaumu filamu kwa kuachana na kitabu, na kundi la pili liliilaumu kwa jambo ambalo ililichukua kitabuni!

Kundi la tatu ni mtu mmoja tu, lakini mtu mkubwa. Ni Disney mwenyewe. Filamu haikurudisha fedha zilizotumika, naye alisema wazi kwamba haikumridhisha, kwa kuwa ilikosa moyo. Mwaka 1954 aliionyesha kwa televisheni, imekatwa ikawa fupi, lakini hakuirudisha katika majumba ya sinema ya Marekani katika maisha yake. Alikufa mwezi wa Desemba 1966.

Kundi la nne ni vijana wa vyuo vikuu vya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Hawa walikodi mikanda ya filamu hiyo na kuionyesha vyuoni. Walipenda nini? Walipenda yale yale yaliyolaumiwa! Rangi kali zisizo za kawaida, mambo yasiyofuatana, watu wazima wanaosema maneno ya kipuuzi kwa uso wa heshima, hayo yote yaliwapendeza. Vijana wa wakati ule walikuwa wakiyahoji mambo ya wazee wao, na Alisi alionekana mwenzao. Kampuni ilipoona hivyo, iliirudisha filamu katika majumba ya sinema mwaka 1974, na safari hii ilipata watu. Tangu hapo wako wengi wanaoihesabu miongoni mwa kazi nzuri za katuni. Wanasifu hasa ubunifu wa rangi wa Mary Blair, mchoraji mwanamke aliyebuni sura ya ile nchi ya ajabu.

(Hapa kiongozi asimamishe somo kidogo, wanafunzi waulizane: kundi gani lilikuwa na haki?)

FILAMU ILE ILE, VIPIMO VINNE

Tazameni sasa. Filamu haikugeuka. Picha za mwaka 1951 ndizo zile zile za mwaka 1974. Kilichogeuka ni kipimo mkononi mwa mtazamaji.

Kundi la kwanza lilipima kwa kitabu. Liliuliza, "Je, inafanana na nilichosoma?" Kundi la pili lilipima kwa hadithi za kawaida. Liliuliza, "Je, nafuatilia jambo gani, na namhurumia nani?" Disney alipima kwa moyo na kwa sanduku la fedha. Vijana walipima kwa maisha yao. Waliuliza, "Je, inasema lolote na sisi?"

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Kila mmoja alivuta ngozi upande wake, wala hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo, mtu akikuambia, "Filamu ile ni nzuri," au, "Filamu ile ni mbaya," bado hajakuambia kitu. Ni sawa na mfanyabiashara anayekuambia kwamba mahindi yake ni "mengi". Mengi kiasi gani? Kibaba au gunia? Mwulize akutajie kipimo.

Lakini msije mkadhani kwamba, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake, basi rai zote ni sawa. La, sivyo. Rai nyingine zina uzito kuliko nyingine. Mtu akisema, "Filamu imewaacha Kasa wa Bandia na Bibi Mkubwa," jambo hilo laweza kuthibitishwa. Fungua kitabu, tazama filamu, utaona. Akisema, "Filamu imemchosha kila mtu," huyo amesema asilolijua, kwa sababu hakuwauliza watu wote. Na akisema, "Filamu imekiharibu kitabu," naye hajapata kukisoma kitabu, huyo ni shahidi ambaye hakuwapo. Mahakamani asingesikilizwa, na hapa tusimsikilize.

Tena, fedha si kipimo cha uzuri. Mwaka 2010 kampuni hiyo hiyo ya Disney ilitoa filamu nyingine ya Alisi, iliyoongozwa na Tim Burton. Humo Alisi si mtoto tena, ni mwanamwali wa miaka 19. Anavaa mavazi ya chuma ya vita, anashika upanga na kuliua dude la kutisha. Filamu hiyo ilipata zaidi ya dola bilioni moja duniani kote. Je, watazamaji walipatana? Hawakupatana hata kidogo. Wengine walisifu mavazi na mandhari, wakafurahi kuona msichana shujaa. Wengine walisema kwamba Alisi wa Carroll hakuwa na upanga. Silaha yake ilikuwa ni maswali. Wingi wa tikiti zilizouzwa haukumaliza mabishano hayo, wala hauwezi kuyamaliza. Tikiti hununuliwa kabla ya kutazama, na rai huja baadaye.

JAMBO LINALOTUHUSU SISI

Huenda mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mambo ya Waingereza na Wamarekani na sungura wao yanatuhusu nini sisi?"

Swali zuri. Fikirini hadithi mlizosimuliwa na bibi zenu jioni, hadithi za Sungura na Fisi, hadithi za Abunuwasi. Kila mmoja wenu anamjua Sungura wake. Sasa, tuseme anakuja mtu mwenye fedha na mitambo, anaifanya hadithi ile filamu. Anamfanya Sungura awe mpole, maana wajanja hawampendezi. Anamwacha Fisi, maana Fisi ana gharama kuchora. Watoto wenu wanaitazama, wanafurahi. Baada ya miaka 20, ukimwuliza kijana, "Sungura ni nani?" atakueleza Sungura wa filamu. Yule wa bibi atakuwa amekwenda zake.

Jambo kama hilo limempata Alisi. Katika kitabu cha mwaka 1865 picha zake hazikuwa na rangi. Mwaka 1890 kilitoka kitabu chake cha picha za rangi kwa watoto wadogo, na gauni lake humo lilikuwa la manjano. Katika filamu ya mwaka 1951 gauni ni la buluu, na leo watu wengi sana wakimfikiri Alisi wanaliona gauni la buluu, hata wale ambao hawajapata kufungua kitabu. Si dhambi. Gauni la buluu ni zuri. Lakini ni vizuri kujua kwamba mtu fulani alichagua, na kwamba uchaguzi ule ungaliweza kuwa mwingine.

Nani ataweza kujua hivyo? Ni yule anayeweza kwenda mwenyewe mpaka kwenye maandishi. Asiyejua kusoma huwa hana budi kuamini anachoonyeshwa. Anayejua kusoma anaweza kusema, "Ngoja kwanza, nitazame kitabu kinasemaje." Ninyi mnaohangaika na herufi usiku baada ya kazi za mchana, jueni kwamba kila ukurasa mnaoumaliza unawaongezea nguvu hiyo. Leo ni filamu. Kesho ni gazeti lililogeuza maneno ya hotuba, au mkataba ambao mtu amekusomea kwa mdomo akaruka mstari. Desturi ni ile ile: soma mwenyewe, linganisha, kisha sema.

NAMNA YA KUTOA RAI

Basi, siku utakapotazama filamu iliyotokana na kitabu au na hadithi unayoijua, jiulize maswali haya manne kabla ya kusema neno.

Kwanza: Je, nakijua kitabu chenyewe, au nimesikia habari zake tu? Ikiwa hukijui, sema hivyo. Si aibu. Bado waweza kuihukumu filamu kama filamu.

Pili: Kitu gani kimeachwa, kitu gani kimeongezwa, kitu gani kimegeuzwa? Taja kimoja kimoja. Usiseme "mambo mengi".

Tatu: Je, mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima? Kumbukeni habari ya "kaa". Mengine hayawezi kuchorwa, mengine yanaachwa kwa ufupi wa muda, na mengine yanageuzwa kwa kutaka fedha au kwa kukosa kuelewa. Haya si mamoja. Tena kuna mambo ambayo picha huyafanya vizuri kuliko neno. Yule paka anayetoweka akabaki kicheko, katika kitabu unamsoma, lakini katika filamu unamwona akififia mbele ya macho yako. Kizuri hakikosi ila, na chenye ila huweza kuwa na uzuri wake.

Nne: Kipimo changu ni kipi? Kitabu, hadithi, moyo wangu, au fedha yangu ya tikiti? Kitaje kipimo chako wazi, ndipo mwenzako aweze kukujibu.

Mkifanya hivyo, mtaona kwamba mabishano hayaleti ugomvi. Wawili watasema maneno mbalimbali na bado kila mmoja atajifunza kitu. Mmoja atasema, "Kwa kipimo cha kitabu, imepungua." Mwingine atasema, "Kwa kipimo cha macho, imependeza." Wote wawili wana haki, na wote wawili waweza kunywa chai pamoja, tena wakaimaliza, si kama wale wa nchi ya ajabu!

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini watu waliokipenda kitabu cha Alisi hawakuipenda filamu ya mwaka 1951? Tajeni sababu mbili.

2. Vijana wa vyuo vikuu waliipenda filamu ile ile kwa sababu gani? Je, filamu iligeuka, au watu waligeuka?

3. Tafuteni maneno matatu ya Kiswahili yenye maana mbili, kama "kaa" na "mbuzi". Mchoraji angeyachoraje?

4. Mtu anasema, "Filamu hii ni bora, kwa sababu imepata fedha nyingi." Mtamjibuje?

KAZI YA KUANDIKA

Chagua hadithi moja uliyosimuliwa ulipokuwa mtoto. Andika mistari mitano: jambo gani katika hadithi hiyo usingekubali liachwe, kama ingefanywa filamu, na kwa nini? Usiogope makosa ya herufi, kiongozi wako atakusaidia kuyasahihisha. Kinachotakiwa ni sababu. Juma lijalo wasomeeni wenzenu mlichoandika, nao waulize, "Kipimo chako ni kipi?"